Bei Tatu za Mwenyekiti

Mwenyekiti hakuwahi kununua kitu kwa bei moja. Hata nyanya. Ungemkuta kwa akina mama mboga nje ya geti, ameinama na mikono nyuma, anauliza bei, anashukuru, anakwenda kwa wa pili, anauliza, anashukuru, anakwenda kwa wa tatu, kisha anarudi kwa wa kwanza kununua zile zile nyanya alizoziona mwanzo. Wale akina mama walishamzoea. Wakimwona anakuja waliambiana, "Tenda imefika," na wakaendelea kumenya njegere zao.

Nyumba zetu za Buruburu, hapa Nairobi, zimejengwa zikitazamana, zimezunguka uwanja mdogo wenye geti moja. Kila uwanja wa namna hiyo tunauita koti, na kila koti lina mwenyekiti. Wa kwetu alikuwa huyu, na alidumu kwenye kiti hicho kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kugombana na majirani kuhusu takataka na mahali pa kuegesha magari. Mimi na yeye tulitenganishwa na ukuta mmoja. Nilijua anaposali na nilijua anapokoroma, na nawaambia bila kumsengenya kwamba alikuwa mtu wa kukasirisha sana.

Mara moja taa ya geti iliungua. Kitu kidogo, balbu tu. Jirani mmoja akasema atanunua kwa pesa yake. Mwenyekiti akakataa katakata. "Leo ni balbu," alisema, "kesho ni ukuta mzima." Akaenda kutafuta bei tatu. Tulikaa gizani mpaka tukaanza kutambuana kwa kikohozi. Hatimaye alileta balbu, akapanda ngazi mwenyewe kuifunga, na aliposhuka akatusomea bei zote tatu kwa sauti, na majina ya maduka, na sababu ya kuchagua alilochagua. Hakuna aliyemsikiliza. Balbu ile, nikubali, ilidumu.

Tabia hii aliitoa kazini. Alikuwa karani wa manunuzi katika ofisi moja ya umma, na kanuni ya kazi yake ilikuwa kwamba hakinunuliwi kitu, hata ufagio, mpaka wauzaji watatu wataje bei. Wenzake waliijua kanuni hiyo vizuri na waliizunguka vizuri zaidi. Walijenga maghorofa ya kupangisha kule Kayole kwa mshahara ule ule aliopata yeye. Yeye alistaafu na nyumba moja, suti mbili na jina safi. Alikuwa na msemo wake: "Bei moja ni wizi, bei mbili ni njama, bei tatu ni ukweli." Aliurudia hata kwenye harusi.

Lakini cha ajabu, mtu huyu aliyepekua bei maisha yake yote hakujua kupatana bei. Uongo wa sokoni, ule mdogo ambao hata mchungaji anasamehe, ulimshinda. Mimi nikienda kununua vitambaa naapa kwamba duka la jirani wamenipa kwa nusu. Yeye angemwambia muuzaji ukweli: "Wenzako wamenitajia bei kubwa kuliko yako." Sasa muuzaji gani atakupunguzia ukimwambia hivyo?

Na alikuwa na upande mwingine. Vijana wa koti wakizolewa na polisi, yeye ndiye aliyetoka bila hata kumaliza chai kwenda kuwatoa. Mume wangu alipofariki, Mwenyekiti ndiye aliyekodi gari la kumpeleka nyumbani, magharibi, siku hiyo hiyo. Katikati ya kilio changu nilimuuliza, "Ulipata bei tatu?" Akanitazama kwa mshangao. "Maiti haisubiri, Mama Nekesa." Sikulisahau hilo.

Mkewe tulimwita Mama Kwaya. Alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu, mpana wa mabega, na sauti ya kuongoza kwaya ya kanisa tangu madirisha yalipokuwa hayajatiwa vioo. Mwenyekiti alikuwa mfupi, mwembamba, na kofia yake ilimfikia mkewe begani. Alimwita "Mheshimiwa." Jioni ungesikia, "Mheshimiwa, chai imechemka," na mkewe akajibu kwa wimbo. Watoto wao wawili walikuwa ng'ambo na walipiga simu Jumapili. Walibaki wawili, na nilivyosikia kupitia ukuta, hawakuchokana.

Kiharusi kilimpiga Mama Kwaya akipanga maua kanisani. Kilimchukua mkono na mguu wa kushoto, na sauti kikamwachia nusu. Daktari alisema mguu ungerudi akihudhuria kliniki ya mazoezi bila kukosa, na presha yake ikiangaliwa huko huko. Alianza vizuri. Mwenyekiti aliita teksi kwa simu, na teksi za simu siku hizi ni vigari vidogo vyenye milango ya kupitisha mtoto. Siku moja, mbele ya kliniki, Mama Kwaya alikwama mlangoni. Dereva akavuta. Askari wa geti akavuta. Wapita njia wakaja kusaidia, huyu ameshika mguu, yule kwapa, leso ikaanguka, sketi ikapanda, na kulikuwa na mtu amesimama kando anapiga video. Mwenyekiti alikuwa upande wa pili wa gari, anamlipa dereva.

Waliporudi, nilimsikia kupitia ukuta kwa ile nusu ya sauti: "Sitabebwa na watu tena. Siku nitakayoingia garini mwenyewe ndiyo nitaenda kliniki." Mchungaji alikuja kumsihi. Watoto walimsihi kwenye simu. Mimi nilimkemea kabisa, kama mdogo wangu. Alinisikiliza, akanipa mkono wake mzima niushike, akasema, "Hapana." Kliniki ikasimama. Na kila mtu pale alijua maana yake, kwamba mguu usipofanyishwa kazi unakufa, na presha isipopimwa inaua.

Ndipo Mwenyekiti alipoamua kununua gari. Gari la familia, la chini, lenye mlango mpana na kiti cha nyuma cha mtu mzima. Na liwe jipya. Kanisa lilikuwa limenunua gari la mtumba kutoka yadi moja ya kuuzia magari na likafia barabarani na kwaya nzima ndani. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za yadi. Pesa zilikuwepo. Hilo nataka lieleweke. Alikuwa na kiinua mgongo chake hakijaguswa, na shamba la Machakos alikuwa ameuza kipande. Shida haikuwa pesa hata siku moja.

Alinijia kibandani ninaposhona sare za shule. Alisimama mlangoni ameshika kofia.

"Mama Nekesa, nisamehe kwa ninalotaka kusema."

"Sema."

"Wewe na mwenzangu mna mwili mmoja."

"Unaniambia mimi ni mnene, Mwenyekiti?"

"Nakuambia nahitaji mwili wako."

Wateja wangu walicheka mpaka nikapoteza vipimo. Yeye hakucheka. Alieleza kwamba Mama Kwaya hawezi kupelekwa kujaribu magari, kwa sababu kufika kwenye gari ni kwanza kupanda gari. Mimi ningejaribu badala yake. Ningejifanya upande wa kushoto umekufa. Niingie, nitoke, nimwambie.

Basi nikawa mke wa bandia. Tuliyazunguka maduka ya magari, yale ya vioo vya juu mpaka chini kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege, na yale ya Industrial Area, mimi na gauni langu la Jumapili na yeye amebeba kigoda. Kigoda hicho alichongewa na kaka yake huko kwao Ukambani, na ndicho kiti pekee ambacho Mama Kwaya aliweza kuinuka bila kushikwa. Alikiweka chini kando ya mlango wa gari, akachutama, akafumba jicho moja, akalinganisha kimo cha kigoda na kimo cha kiti. Askari wa duka la kwanza alimzuia mlangoni: "Mzee, hapa hatununui viti." Ilibidi nimfokee ndipo tukaingia.

Ndani alitupokea msichana nadhifu, mwenye heshima zake. Akatupeleka moja kwa moja kwenye gari refu kama kibanda cha mlinzi.

"Hii ndiyo inamuvu saa hii, mzee, kila mtu anainunua. Iko juu, inapita kila mahali."

"Sitaki kupita kila mahali, binti yangu. Nataka kufika kliniki."

"Za chini tuko na moja tu. Watu siku hizi hawazitaki."

"Tuonyeshe hiyo moja."

Ilikuwa pale kwenye kona, rangi ya maziwa. Niliegemea mlango, nikageuka, nikakaa, nikauvuta mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia kama ninavyomwona Mama Kwaya akifanya. Niliingia. Nikatoka. Nilirudia tena kwa sababu sikuamini. Kigoda na kiti vilikuwa kimo kimoja. Msichana akataja bei, akaiandika, akasema, "Hiyo ni ya wiki mbili tu, mzee, after hapo sijui dola itakuwa imefika wapi." Mwenyekiti akaikunja karatasi, akashukuru, akachukua kigoda chake.

Nje nilimshika mkono. "Mbona hununui? Nimeingia na nimetoka."

"Hiyo ni bei moja, Mama Nekesa."

Duka la pili walituacha tumekaa kwenye makochi mpaka chai waliyotupa ikapoa, kisha akaja bwana mmoja aliyeniuliza mimi kama mzee yuko na kijana wake anayeshughulikia mambo ya pesa. Mwenyekiti alijibu kwa upole kwamba kijana wa pesa ni yeye. Gari lao lilikuwa zuri, pana, ila hawakuweza kutaja bei mpaka meneja arudi. Duka la tatu hawakuwa na gari lenyewe. Lilikuwa njiani, walisema, melini, na bei ingejulikana likifika Mombasa. Mwenyekiti akasubiri meneja, akasubiri meli. Bei ya tatu ilipopatikana, ya kwanza ilikuwa imekwisha muda wake na lile gari la rangi ya maziwa limeuzwa. Akabaki na bei mbili. Mbili ni njama. Akaanza upya.

Nawaambia tulizunguka. Kila alipopata ya tatu, ya kwanza ilikuwa imekufa. Akienda kuifufua, ya pili imepanda. Wauzaji walianza kututambua na kujificha nyuma ya kompyuta. Msichana wa duka la kwanza, Mungu ambariki, aliwahi kumwambia, "Mzee wangu, hii bei nakupatia leo ni poa kuliko zote. Niamini tu, chukua." Akamjibu, "Nakuamini, binti yangu. Lakini kukuamini si kanuni."

Mimi niliudhika, kisha nikaogopa. Kwa sababu kila niliporudi nyumbani nilipita kumsalimu Mama Kwaya, na kila mara nilimkuta amezama zaidi kwenye kiti. Mguu wa kushoto ulikuwa umekauka. Ule wa kulia, uliokuwa mzima, ukaanza kutetemeka kwa kukaa tu. Muuguzi mmoja wa jirani alikuja kumpima presha, akatoka nje kunong'ona nasi kwenye kamba ya nguo, na uso wake haukuwa mzuri. Mama Kwaya alituuliza magari yalikuwaje. Nilimsimulia, na kicheko chake kilitoka upande mmoja wa mdomo. Hakuwahi kumharakisha mumewe. Labda alikuwa anamwonea huruma. Labda na yeye alikuwa anaogopa.

Siku moja nilimvaa Mwenyekiti kibandani kwangu. Niliacha cherehani, nikasimama.

"Mkeo sasa hainuki hata kwenye kigoda. Unajua?"

"Najua."

"Ulinizikia mume bila bei tatu. Ulisema maiti haisubiri. Aliye hai ndiye anasubiri? Kwa nini?"

Alikaa kwenye rundo la sare ambazo hazijapigwa pasi. Sikuwahi kumwona akikaa juu ya kitu cha mtu.

"Mama Nekesa, sijui njia nyingine ya kununua. Nikitoa pesa kwa bei ya kwanza nahisi nimeiba."

"Umemwibia nani?"

"Sijui. Nahisi tu." Akaanza kulia, bila sauti, na kofia imemfunika macho. "Waliniambia miaka yote nitakufa maskini na kanuni zangu. Nikaona ni sawa. Lakini yeye sikumweka kwenye hesabu hiyo."

Nilimwonea huruma na nikamchukia, vyote kwa pamoja. Nikampa kitambaa cha kufutia uso, kipande cha sare ya kijani, na nikamwambia akanunue gari.

Akanunua wiki iliyofuata, kwa bei mbili. Bei ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza kabisa.

Gari lilipoingia uwanjani, koti zima lilitoka. Akina mama wa kanisa walifika kuliombea, kama tunavyofanya, wameweka mikono juu ya boneti. Kisha Mwenyekiti akawaambia wote wakae mbali, mpaka ukutani. "Ataingia mwenyewe," alisema. "Asiguswe." Tukamsogeza Mama Kwaya akiwa kwenye kiti cha plastiki, tumekishika kiti tu, mpaka kando ya mlango, tukarudi nyuma. Alikuwa amevaa sare ya kwaya. Alishika mlango kwa mkono wa kulia. Alijiinua kidogo, akashuka. Alijiinua tena. Mguu wa kulia ulitetemeka mpaka kiatu kikagonga chini. Alijaribu tena na tena na hakuna aliyepumua, na mimi, niliyeingia na kutoka kwenye kila gari la mji huu, nilikuwa nasukuma kwa magoti yangu mwenyewe pale nilipokuwa nimesimama. Hakuweza. Kiti kilikuwa kimo sawasawa na mlango ulikuwa mpana sawasawa, na hakuweza.

Kijana mmoja wa koti alisogea. "Mzee, si tukusaidie? Tuko wengi."

"Rudi nyuma!" Sauti ya Mwenyekiti ilikatika.

Ndipo Mama Kwaya alipomgeukia. "Nibebe."

"Mimi?"

"Kwani nani?"

"Ulisema hutabebwa tena, Mheshimiwa."

"Nilisema na watu. Wewe ni watu?"

Mwenyekiti alisimama kama mtu aliyeitwa jina asilolijua. Kisha akatupa kofia chini. Alijaribu kumwinua kwa mbele, akashindwa. Akazunguka, akaingia kwa mlango wa upande wa pili, akatambaa kwenye kiti, akampitishia mikono kwapani kutoka nyuma na kuvuta. Aliguna, akateleza, akavuta. Mkewe alisukuma kwa kile kilichobaki cha mguu. Wote wawili wakaangukia kiti cha nyuma, yeye chini, Mama Kwaya juu yake, na tukasikia Mama Kwaya anacheka. Mwenyekiti hakuonekana tena, ila mkono wake mmoja uliokuwa umemshika mkewe kiunoni. Kutoka huko chini akaita, "Nani ana leseni?" Yule kijana akarukia usukani, wakaondoka hivyo hivyo.

Kliniki hawakumfanyisha mazoezi. Daktari alipima presha, akapima tena, akasema alazwe siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Mwenyekiti siku nyingine kwenye maegesho ya hospitali. Nilikuwa nimebeba uji kwenye chupa. Muda wa kuwaona wagonjwa ulikuwa bado, na yeye alikuwa amekaa garini, nyuma ya usukani, vioo vimefungwa. Niliingia upande wa abiria. Aliniambia figo za mkewe nazo zimeanza kukataa. Aliniambia daktari aliuliza mbona mkewe alikatiza kliniki kwa muda mrefu hivyo. Kisha akauliza, akitazama mbele:

"Kwa hiyo siku zote hizo angekubali? Ningembeba mimi, angekwenda?"

"Nadhani angekwenda."

"Mbona hakuniambia?"

Ningeweza kumwongopea. Mtu mwingine angefanya hivyo, na pengine ni mtu mwema kuliko mimi.

"Hukumuuliza," nilisema. "Ulimuuliza daktari. Ukaniuliza mimi. Ukawauliza wauza magari wote wa Nairobi. Yeye hukumuuliza."

Akashika usukani kwa mikono miwili. Nilitamani kuyarudisha maneno yangu na nilijua sitayarudisha, kwa sababu yalikuwa ya kweli na kwa sababu alikuwa ameyauliza.

Mlinzi alipiga kengele na geti la wodi likafunguliwa. Mwenyekiti alitoka garini akakimbia. Alikimbia kati ya magari na watu na vikapu vyao, mzee wa umri ule, akiita, "Naomba njia, naomba njia." Aliacha mlango wazi na ufunguo ukining'inia. Nikaufunga, nikachukua uji, nikamfuata.